Daftari la Marehemu Baba na Kifaa cha Kuonyesha Njia



Wasomaji wapenzi, akina mama, dada zetu, na vijana mnaosomewa ukurasa huu nyumbani baada ya sala ya Ijumaa, wiki hii natanguliza kuomba radhi. Mmezoea kunisoma nikieleza mambo ya malezi, ya ndoa na ya mirathi. Leo nitasema habari za jahazi, na za kile kifaa kidogo cha GPS ambacho mabaharia wa siku hizi hukitazama mahali pa nyota. Msiufunue ukurasa mwingine kwa kudhani kwamba haya ni mambo ya wanaume wa gatini. Nyumba nyingi za pwani yetu zaishi kwa bahari, na jahazi likichelewa wanaokesha ni mama wa nahodha, mkewe na wanawe. Tena katika habari hii limo kosa langu mwenyewe, nami nimeona ni bora nilieleze mimi kabla halijaelezwa na wengine.

Marehemu baba yetu alikuwa nahodha. Alituachia jahazi moja, nasi warithi tuliafikiana tusiliuze, bali kila mmoja abaki na fungu lake na ndugu yangu mdogo aliendeshe. Zama za baba lilipakia boriti za mikoko, nazi na chokaa. Sasa huchukua wageni wanaopenda kutembea baharini siku tatu au nne, kutoka Lamu kupitia Mkanda hadi Faza, Kizingitini na Kiwayu, na msimu ukiruhusu hushuka mpaka Kilifi. Mimi sikuwa mtu wa bahari. Nilitiwa chuoni nikiwa mdogo nikabakia huko, na hata leo nikipanda jahazi hutapika kabla tanga halijajaa upepo. Ndugu yangu yeye aliondolewa chuoni akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, kwa sababu baba alihitaji mkono wa pili. Hivyo mmoja alipewa kitabu, mwingine akapewa usukani, na kila mmoja wetu, moyoni mwake, alijiona ndiye aliyepewa kilicho bora.

Mwaka juzi, katika siku za tangambili, kaskazi ikiwa imechoka na kusi haijashika, jahazi lilikuwa likirudi kutoka Kiwayu baada ya kuwateremsha wageni. Ndani mlikuwa na watu wanne: ndugu yangu, mabaharia wawili, na mpwa wangu, mwana wa pekee wa dada yetu. Walipita upande wa nje wa kisiwa cha Pate. Jua lilipokaribia kuzama mvua iliwafunika, nchi kavu ikatoweka machoni, na ndugu yangu akaazimia kuingia ndani kwa mlango mmoja mwembamba wa mwamba ambao baba alikuwa akiupita. Hakuupata. Alitia nanga nje ya mwamba penye kina kirefu, nanga ikaburura, usukani ukagonga jiwe na kupasuka. Mashine ndogo ya jahazi ndiyo iliyowavuta wakarudi nje, wakakesha wakichota maji mpaka alfajiri.

Sisi huku mjini hatukujua lolote. Simu zao hazikupatikana. Mama alikaa juu ya mswala tangu isha. Dada yetu alikaa dakani, mlango wazi, akitazama njia ya kushukia pwani, wala hakukubali kuingia ndani ingawa mvua ilikuwa ikimpiga miguuni. Nami nilikuwapo, nikisoma dua, na nikijua kwamba sina ninachoweza kufanya. Walifika adhuhuri ya siku ya pili, wakivutwa na mashua ya wavuvi.

Baada ya siku tatu mama alituita. Alisema maneno machache: "Wanangu, mimi ni mzee, siwezi tena usiku kama ule. Mnunulieni nahodha wenu hicho kifaa ambacho kila mtu anacho."

Ndugu yangu alikunja uso. Alisema kwamba baba alisafiri miaka arubaini kwa dira na macho yake, na kwamba nahodha anayeuliza njia kwa kifaa cha betri si nahodha. Mama akamjibu, "Na babu yako alimcheka baba yako kwa hiyo dira." Tukacheka sote, naye akanyamaza. Dada alitoa shilingi 30,000 za chama chake, fedha alizokuwa amezikusudia kwa kazi nyingine. Mimi nilitoa 10,000 na mama 5,000. Ndugu yangu alikuja usiku na 7,000, akasema ni za betri tu. Kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kusoma, niliagizwa nikachunguze na kuchagua.

Nilianza kwa kuuliza jambo lenyewe ni nini. Juu yetu, kiasi cha kilomita 20,200 kutoka ardhini, huzunguka setilaiti zaidi ya 24 za Marekani. Kila moja imebeba saa sahihi mno, na hutangaza wakati wake bila kukoma. Kifaa kilicho mkononi mwa baharia husikiliza tu. Hupima tangazo la kila setilaiti limechelewa kiasi gani kufika, na kikisikia setilaiti nne hujua mahali kilipo. Mpango huu ulianza kuwa wa kijeshi, ukakamilika mwaka 1995. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakikivuruga kwa makusudi kipimo wanachopewa raia, kikaweza kukosea kiasi cha mita 100. Tangu hapo kosa limekuwa la mita chache. Warusi nao wana mfumo wao uitwao GLONASS, nchi za Ulaya wana Galileo, na Wachina wana BeiDou, na vifaa vingi vya sasa husikiliza mfumo zaidi ya mmoja. Pwani yetu nayo si mgeni kabisa wa mambo ya anga. Tarehe 12 Desemba, 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kuchunguza nyota, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi.

Nilipoyaeleza haya nyumbani, shemeji yangu, mke wa nahodha, alifurahi akasema kwamba sasa ataweza kumwona mumewe alipo. Nikalazimika kumvunja moyo, na jambo hili napenda kila mama alielewe: kifaa cha kawaida cha GPS hupokea, hakipeleki. Humwambia nahodha alipo, bali hakimwambii mtu mwingine yeyote. Viko vifaa vingine vinavyotuma ujumbe mfupi kupitia setilaiti, na hivyo huwa na ada ya kulipwa. Viko pia vile vya kuomba msaada wakati wa hatari, ambavyo hupiga ukelele kwa setilaiti za uokozi. Hivyo ni vitu mbalimbali, na anayenunua kimoja akidhani amenunua kingine anaweza kuilaza nyumba yake kwa matumaini yasiyo na msingi.

Kisha nikakuta kwamba njia ni tatu.

Ya kwanza ni simu. Simu nyingi za leo zina GPS ndani yake, nayo hufanya kazi hata pasipo mtandao, mradi ramani za bahari ziwe zimeingizwa kabla ya safari. Mpwa wangu aliipenda njia hii kwa kuwa haina gharama kubwa. Lakini simu huishiwa chaji upesi, kioo chake hakisomeki vyema juani, na kidole chenye maji ya chumvi hakisikilizwi nacho. Zaidi ya hayo, simu ndiyo ya kuombea msaada. Ukiitumia kutafuta njia usiku kucha, asubuhi huna njia wala huna simu.

Ya pili ni kifaa kikubwa cha kufungwa pale penye usukani, chenye kioo kipana kinachoonyesha ramani, na vingine hupima na kina cha maji. Kwa chombo chenye chumba, betri kubwa na nyaya zilizotulia, ni kitu kizuri sana. Jahazi letu ni wazi, mawimbi huingia, na umeme wetu ni wa sola moja ya kuwashia taa mbili. Tena jahazi hulala ufukweni bila mlinzi.

Ya tatu ni kifaa cha mkononi, kiasi cha kukamatika kwa kiganja, kinachotumia betri ndogo za kawaida. Kioo chake ni kidogo na ramani yake haionekani kwa upana. Lakini betri zake zapatikana katika duka lolote, Faza hata Kizingitini, na usiku nahodha hukitia mfukoni kikalala naye.

Nilikwenda Mombasa. Muuzaji wa kwanza alinionyesha kioo kikubwa chenye rangi, akanisifia mpaka nikaanza kuhesabu nani atanikopesha. Namshukuru Mola kwamba ulimi ulinitoka swali moja: "Nionyeshe Lamu." Akatafuta, kikatokea kisiwa kama doa la wino, pasipo namba hata moja ya kina, pasipo mwamba, pasipo fungu. Ramani kamili, akasema, huuzwa peke yake. Basi ndugu zangu, mnaponunua kitu cha namna hii msiombe kuonyeshwa bandari za Ulaya zilizowekwa kwa ajili ya kupendeza dukani. Ombeni kuonyeshwa mlango wenu wenyewe.

Duka la pili nilikwenda na nahodha. Hapo nilijifunza kwamba anayechagua lazima awe yule atakayekitumia. Tulivitoa vifaa nje juani tuone vinasomeka. Tulilowesha mikono tukavibonyeza, na vile vya vitufe vikashinda vile vya kugusa kioo. Tuliuliza kama kifaa chaelea kikianguka majini, kwa maana vingine huelea na vingine huzama kama jiwe. Tuliuliza kama kina kitufe cha kutia alama papo hapo mtu anapoanguka baharini, ili jahazi lijue pa kumrudia. Katikati ya hayo nikamwona ndugu yangu anakirudisha kifaa mbali na uso wake, mkono umenyooka, kisha anampa mpwa wake amsomee. Nahodha wangu, ambaye huona tanga la mtu kabla wengine hawajaona kitu, alikuwa hawezi tena kusoma herufi ndogo, naye kwa haya hakumwambia mtu. Hakusema, nami sikusema. Nilimwomba muuzaji atufundishe kuzikuza namba, tukachagua kifaa chenye namba kubwa zaidi, na njiani kurudi tukapitia duka la miwani.

Tukanunua cha mkononi, chenye kuelea, tukabakiwa na fedha za ramani ya pwani yetu na betri.

Siku ya kwanza tulikijaribu nyumbani. Mpwa wangu alitia alama ya Lamu kwa kuandika latitudo ya digrii 2 na dakika 16, akabonyeza kitufe cha kwenda, na mshale ukaelekea kaskazini, safari ndefu ya kuvuka ikweta hadi ndani kabisa ya bara. Tulishangaa, kwa maana tulikuwa tumekaa Lamu hiyo hiyo. Kumbe alikuwa ameacha herufi N, yaani kaskazini mwa ikweta, nasi tuko kusini yake, herufi S. Kosa la herufi moja liliihamisha bandari zaidi ya maili 270 za baharini. Ndugu yangu alifurahi sana siku ile.

Alifurahi zaidi tulipokwenda Mkandani. Mkanda, kwa wasioujua, ni ile njia nyembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, iliyozungukwa na mikoko. Jahazi lilikuwa likielea katikati ya maji, lakini kioo kilituonyesha tunasafiri juu ya nchi kavu, ndani ya msitu. Kifaa hakikukosea mahali tulipo. Ramani ndiyo iliyokosea mahali ilipo nchi. Ramani nyingi za bahari zimerithi kazi za zamani. Kapteni William Owen wa Uingereza alizipima pwani za Afrika Mashariki katika miaka ya 1820 kwa bildi na kamba, na baada yake walikuja wengine, kila mmoja na vipimo vya zama zake. Ramani ya zamani ikiwekwa juu ya vipimo vya setilaiti bila kusahihishwa, mwamba unaweza kuonekana mamia ya mita mbali na ulipo. Tena mafungu ya mchanga huhama kila msimu, na ramani haihami nayo.

Liko na jambo jingine, nalo ni kubwa kwa chombo cha tanga. Ukikiambia kifaa unataka kwenda mahali, hukuchorea mstari ulionyooka. Hakijui kwamba katikati pana mwamba, wala kwamba jahazi haliwezi kwenda moja kwa moja kuukabili upepo. Hukuonyesha pia uelekeo unaosafiri kwa kweli, ambao huenda si ule ulioelekezea omo, kwa sababu mkondo hukusukuma ubavuni. Hapa dira ya baba ilirudi na heshima yake. Nahodha hutazama dira ajue omo yaelekea wapi, hutazama kifaa ajue jahazi laenda wapi, na tofauti ya hivyo viwili ndiyo nguvu ya mkondo na upepo. Mmoja akinyamaza, mwingine hubaki kusema.

"Kwa hiyo," akasema ndugu yangu usiku ule mbele ya mama, "tumetoa shilingi elfu hamsini na mbili, na mlango wa baba bado hakijui."

Dada akauliza, "Na mlango wa baba anaujua nani?"

Mama akajibu, "Aliuandika. Yote aliyaandika. Daftari lake liko wapi?"

Wasomaji wangu, hapa ndipo penye kosa nililosema. Daftari lilikuwa kwangu. Lilikuwa ndani ya kasha la vitabu vyangu kwa miaka kumi na moja, tangu siku tuliyogawana vitu vya marehemu. Mimi nilichukua maandishi yote kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nililifungua mara moja, nikaona tarehe, pepo na namba, nikadhani ni hesabu za mizigo, nikalifunga. Ndugu yangu aliniuliza habari zake mara mbili katika miaka ile. Mara zote mbili nilimwambia nitatafuta. Sikutafuta. Lau ningekuwa mkweli wa nafsi yangu ningekiri kwamba sikuona kuwa maandishi ya baharia yalistahili wakati wangu. Nami kila mwaka husimama mbele za watu nikaeleza amana ni nini.

Sikulala kabla ya kulitoa. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi za Kiarabu na lugha yetu ya Kiswahili, kama walivyoandika wazee wetu. Ndugu yangu hakuweza kulisoma, maana aliondolewa chuoni mapema. Ingebidi nimsomee mimi. Tuliketi hadi alfajiri, mimi nasoma, yeye anasikiliza akiwa amefumba macho, na kila mara akisema, "Ndiyo, ndiyo, hapo pana jiwe."

Baba alikuwa ameandika milango saba ya mwamba. Kwa kila mlango alitaja vitu viwili vya nchi kavu vya kupanga kimoja mbele ya kingine, kama mnara na mnazi. Alitaja kina kwa pima, maji ya siku gani ya mwezi, na upepo upi. Hakutaja nyota ya kaskazini popote, nami baadaye nikafahamu sababu. Mabaharia wa Uarabuni, na katika hao Ahmad ibn Majid aliyeandika elimu ya bahari katika karne ya 15, waliipima nyota hiyo kwa ubao mdogo wenye uzi wa mafundo ili wajue umbali wao kusini au kaskazini. Huku kwetu, kusini ya ikweta, nyota hiyo imezama chini ya upeo. Wazee wetu walishika nyota nyingine, upepo, rangi ya maji, na dira. Hata kibla alikiandika kwa dira, karibu sawasawa na kaskazini, kwa kuwa Makka iko kaskazini yetu; na ndiyo maana katika Kiswahili chetu watu huuita upande wa kaskazini kibla.

Tulipofika kwenye ule mlango wa usiku wa mvua, nilisoma kisha nikanyamaza. Ndugu yangu akasema, "Soma, kaka." Baba alikuwa ameandika kwamba mlango ule hauingiwi baada ya jua kuzama, wala katika mvua, hata na mtu aujuaye, na kwamba nahodha aliyechelewa ashuke kidogo kusini, penye mchanga na kina cha pima sita, atie nanga asubiri mchana. Hakukuwa na hila ya kuingia usiku. Tungalikuwa na kile kifaa usiku ule, bila ya daftari, huenda kingalimpa ndugu yangu ujasiri wa kuingia mahali ambapo baba yake mwenyewe hakuingia.

Ndugu yangu hakunilaumu. Alisema tu, "Miaka yote nilidhani baba alikuwa akiuingia usiku." Ningependelea angenilaumu.

Baada ya mwezi mpevu, maji ya bamvua yalipokupwa sana na miamba ikajitokeza, tulitoka: nahodha, mabaharia wake, mpwa wangu na kifaa, na mimi na daftari na ndoo ya kutapikia. Nilisoma, ndugu yangu akapanga alama za nchi kavu kwa macho na dira, baharia akashusha bildi, na mpwa wangu akatia alama katika kifaa: moja nje ya mlango, moja katikati, moja ndani. Tulirudia siku tatu, kwa sababu kipimo cha leo na cha kesho hutofautiana kwa mita kadhaa, na mlango mwembamba hautaki mita kadhaa. Alama ya kwanza tuliyoitia ilikuwa ya pale penye mchanga, pima sita.

Milango mitano tuliipata. Miwili hatukuipata. Wa kwanza mnazi wake uliokuwa alama umeanguka zamani, na hakuna aliyekumbuka uliposimama. Wa pili ulipangwa kwa mnara wa msikiti wa zamani, nao umevunjwa ukajengwa mwingine upande wa pili. Wazee wawili waliokuwa wakiijua milango hiyo wamekwishafariki katika ile miaka kumi na moja. Hatukutia alama ya kubahatisha. Katika orodha yetu milango hiyo miwili imeandikwa: usipite.

Kazi iliyobaki aliichukua dada yetu. Alinunua daftari jipya lenye jalada gumu, akaandika kila alama kwa mkono, na mbele ya kila latitudo akaandika neno zima, kusini, ili asikosee mtu tena. Sababu yake ni kwamba kifaa huibwa, huanguka, hufa. Daftari likiwa nyumbani alama hazifi nacho. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Kabla ya kila safari nahodha huja kwake akaeleza anakwenda wapi, ana watu wangapi, atapita njia ipi, atarudi lini, akichelewa atalala wapi, na baada ya saa ngapi za kuchelewa wapigiwe simu watu wa uokozi. Huandika yote, naye nahodha huweka sahihi. Mwanzoni ndugu yangu alilalamika kwamba amefanywa mtoto wa shule. Sasa hatoki bila kupita pale.

Mwaka jana, kusi ikivuma kwa nguvu, jahazi lilichelewa tena. Maghrib ikapita, isha ikapita, simu hazikupatikana. Mama aliketi juu ya mswala. Dada alileta taa na daftari lake, akatia kidole kwenye mstari wa safari ile, akasoma kwa sauti: akichelewa, atatia nanga penye mchanga, pima sita, asubiri mchana. Mama akauliza, "Pale pa baba yenu?" Dada akajibu, "Pale pa baba." Mlango wa daka ulifungwa saa nne za usiku. Saa tatu za asubuhi mpwa wangu alipiga simu kwamba wanaingia Shela.

Kama katika nyumba yenu kuna kasha lililofungwa, lenye maandishi ya mzee aliyetangulia, ya bahari, ya dawa, ya mashamba au ya ufundi wowote, na mmoja wenu ndiye ajuaye kuyasoma, basi nawaomba mlifungue wiki hii, wala msingoje miaka kumi na moja.